Folda ya Chama Ni ya Nani?

Mweka hazina wenu akiondoka, huwa mnabadilisha nini? Vyama vingi vinavyotumia huduma yetu vinajua hatua za kwanza. Laini ya chama inakabidhiwa, PIN inabadilishwa, daftari la risiti linaletwa mezani na kuhesabiwa mbele ya wote. Hayo tumeshayaeleza hapa zaidi ya mara moja. Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikai mezani wala mfukoni, na ndicho kinachosahaulika: ile folda ya Google Drive yenye orodha ya michango, jedwali la mikopo, kumbukumbu za mikutano na skrinshoti za miamala.

Swali letu la leo ni fupi. Hiyo folda ni ya nani?

Ukijibu "ni ya chama," pole, pengine umekosea. Google haikijui chama chenu. Inajua akaunti za watu, na kila faili lina mmiliki mmoja tu. Huyo mmoja akifuta, limefutwa. Akaunti yake ikifungwa, mafaili yake yanakwenda nayo.

Yaliyowapata akina mama wa Nakuru

Chama kimoja cha wanawake wafanyabiashara kule Nakuru kilitupigia simu kikitaka tuwarudishie mafaili yao. Wako kumi na wanne, kila mmoja anachanga shilingi 1,000 kwa wiki, kwa hivyo kila Jumamosi mmoja wao anapokea 14,000. Kando na hiyo zamu wana mfuko wa mikopo ambao wanachama hukopa na kurejesha kidogo kidogo. Mweka hazina wao alikuwa mtu makini. Yeye ndiye aliyewatoa kwenye daftari lililolowa chai akawaleta kwenye simu: akafungua folda, akatengeneza jedwali la mikopo, akawashea wote.

Kisha akapata kazi Doha. Alikabidhi kila kitu vizuri, laini, PIN, daftari, hata kalamu. Folda hakuna aliyeiuliza, maana kila mtu alikuwa akiiona kwenye simu yake.

Miezi ikapita. Siku moja katibu akajaribu kuandika marejesho ya mkopo, jedwali likakataa. Akadhani ni bando imeisha. Kumbe kule Doha mwenzao alikuwa akipiga picha na video kama mgeni yeyote wa mji, na simu yake ikizihifadhi yenyewe kwenye akaunti ileile yenye folda ya chama. Google hutoa nafasi ya GB 15 bila malipo, na nafasi hiyo hugawanywa kati ya Gmail, Drive na picha. Ikijaa na kupita kiasi, akaunti haipakii kitu kipya, barua pepe mpya haziingii, na, hili ndilo wengi hawalijui, mafaili ya mmiliki huyo hayawezi kuhaririwa na mtu yeyote mpaka nafasi ipatikane. Picha za Doha zilifunga jedwali la Nakuru.

Naye alipoona ujumbe kwamba nafasi imejaa, alifanya kile ambacho hata sisi tungefanya. Akatafuta vitu vya zamani asivyovihitaji. Folda ya chama alishaacha kuitumia, akaifuta. Na kwa kuwa vitu vilivyo kwenye tupio bado huhesabiwa kwenye nafasi yako, akalimwaga na tupio pia. Kwa kawaida faili lililofutwa hukaa tupioni siku 30 kabla ya kupotea kabisa, na ndani ya siku hizo mmiliki anaweza kulirudisha. Tupio likishamwagwa, siku hizo hazipo tena.

Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alipopigiwa simu alilia. "Mimi nilijua nyinyi mko na yenu," aliwaambia.

Kitu kimoja kiliwashangaza. Skrinshoti za miamala ambazo katibu alikuwa akizipakia kila wiki zilikuwa salama. Zilikuwa zimetawanyika bila mpangilio, lakini zilikuwepo. Sababu ni kwamba katibu ndiye aliyezipakia, kwa hivyo ni zake, ingawa zilikaa ndani ya folda ya mtu mwingine. Jedwali la mikopo ndilo lililokwenda, pamoja na makubaliano ya nani alikopa kiasi gani na arejeshe lini.

Sisi hatuwezi kurudisha faili lililo kwenye akaunti ya Google ya mtu. Tulichoweza ni kuwaelekeza jinsi ya kuomba taarifa ya miamala ya laini ya chama, na kwa taarifa hiyo wakakaa wiki tatu wakilijenga jedwali upya. Ilikuwa kazi ngumu kuliko walivyofikiria. Taarifa ya miamala inajua pesa imetoka kwa nani, imeenda kwa nani, saa ngapi, na kwa namba gani ya muamala. Haijui pesa ilikuwa ya nini. Mwanachama ametuma 3,000: ni michango ya wiki tatu alizochelewa, au ni marejesho ya mkopo? Yeye anasema mkopo, wenzake wanasema michango. Walifikia mwafaka kwa mikopo yote isipokuwa miwili. Wenye mikopo hiyo bado wanakuja Jumamosi, lakini tunaambiwa wanaketi mbali na wenzao.

Kushea si kukabidhi

Kumshea mtu folda ni kama kumpa ufunguo wa duka. Anafungua asubuhi, anapanga bidhaa, anauza. Lakini jina lililo kwenye leseni ni la mwenye duka, na siku akiamua kufunga, amefunga.

Kwenye Drive kuna ngazi nne. Mtazamaji anaona tu. Anayetoa maoni anaona na kuacha maneno pembeni. Mhariri anaandika, anabadilisha, anapakia vitu vipya, na kama mmiliki hajamzuia anaweza hata kuwaalika watu wengine. Juu yao wote kuna mmiliki, ambaye peke yake ndiye anayeweza kulifuta faili kabisa, na ambaye nafasi yake ya akaunti ndiyo inayoliwa.

Sasa hapa ndipo watu huchanganyikiwa, kwa hivyo twende polepole. Kumiliki folda si kumiliki vilivyomo. Folda moja ya chama inaweza kuwa na mafaili ya watu sita: jedwali la mweka hazina, skrinshoti za katibu, picha ya hati ya kiwanja aliyopakia mwenyekiti, katiba aliyoiandika mwanachama aliyeshatoka mwaka juzi. Kila moja lina bwana wake. Mwenye folda akiifuta, mafaili yake yanakwenda tupioni pamoja nayo, na yale ya wengine yanabaki kwa wenyewe. Vilevile yule aliyetoka mwaka juzi akisafisha akaunti yake, katiba yenu inatoweka ndani ya folda ambayo yeye hata haioni tena kichwani mwake kama kitu cha maana.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kujua nani anamiliki nini. Kwenye simu, gusa vidoti vitatu vilivyo karibu na jina la faili, kisha fungua maelezo yake. Jina la mmiliki liko hapo. Kwenye kompyuta ni rahisi zaidi, kwa sababu ukipanga mafaili kama orodha kuna safu nzima inayoonyesha mmiliki wa kila moja. Tunashauri kazi hii mkaifanye sai ba, hata kama ni ya saa moja. Ukitaka kuona mafaili ya mtu mmoja tu, andika kwenye kisanduku cha kutafuta neno owner, nukta mbili, kisha anwani yake ya barua pepe bila kuacha nafasi.

Chukueni karatasi, mchore safu mbili: faili, mmiliki. Vyama vingi tulivyovisaidia kufanya zoezi hili vimekuta angalau jina moja la mtu ambaye hayumo tena.

Fungueni akaunti ya chama

Dawa tunayoipenda ni hii: chama kiwe na akaunti yake ya Google, isiyo ya mwenyekiti wala ya mweka hazina. Akaunti hiyo haitumiwi kutazama video wala kuhifadhi picha za harusi. Kazi yake ni kumiliki rekodi. GB 15 kwa majedwali na skrinshoti za chama cha watu ishirini ni nafasi ya miaka mingi sana.

Namba ya simu ya kuthibitisha akaunti iwe ya laini ya chama, ile ile mnayoikabidhi rasmi, si ya mtu binafsi. Tunasisitiza hili kwa sababu tunaona shida yake kila mara. Mtu anaweka namba yake, anasafiri au anaacha kuitumia. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na baadaye inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa. Siku mnapojaribu kuingia, Google inatuma msimbo kwa namba ambayo sasa iko kwa mgeni kule Kitale. Wekeni pia barua pepe ya pili ya dharura, ya kiongozi mwingine asiye mweka hazina.

Mkiwasha uthibitishaji wa hatua mbili, na mnapaswa kuuwasha, Google itawapa misimbo 10 ya akiba, kila mmoja ukitumika mara moja tu. Iandikeni au kuichapisha, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa na sahihi za watu wawili, akae nayo mtu asiyeshika laini. Neno la siri la akaunti lijulikane na watu wawili, si kumi na wanne. Na liwe tofauti kabisa na PIN ya laini. Tunajua kuna vyama ambavyo PIN yao ni mwaka walioanza, na neno la siri ni jina la chama pamoja na mwaka huo huo. Tafadhali.

Jambo lingine: Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumika kwa miaka 2. Sera hiyo ilitangazwa mwaka 2023. Akaunti ya chama ikiwa ya kuhifadhi tu bila mtu kuingia, inaweza kuangukia hapo. Ingieni walau kila mwezi, siku mnayopakia taarifa ya miamala.

Jinsi ya kuhamisha umiliki

Fanyeni kwenye kompyuta. Aliye mmiliki wa sasa aingie kwa akaunti yake, alifungue faili husika, afungue sehemu ya kushiriki, na aiongeze akaunti ya chama kama mhariri ikiwa haimo. Kisha abonyeze ngazi iliyo mbele ya jina la akaunti hiyo na achague kuhamisha umiliki. Mwaliko unatumwa kwa barua pepe ya chama. Hapo watu wengi hufunga kompyuta wakaenda nyumbani wakidhani wamemaliza. Bado. Mpaka akaunti ya chama iukubali mwaliko huo, mmiliki ni yule yule wa zamani. Ingieni kwenye akaunti ya chama palepale, mkubali, halafu mhakikishe kwenye safu ya mmiliki kwamba jina limebadilika. Aliyehamisha anabaki mhariri, na mnaweza kumpunguzia au kumwondoa baadaye.

Kumbukeni tulichosema kuhusu folda: kuhamisha folda hakuhamishi vilivyomo. Ni faili kwa faili. Kama mko na mafaili mia mbili ya skrinshoti za zamani, msijitese. Anzeni na jedwali la mikopo, orodha ya michango, katiba, kumbukumbu za mikutano na hati za mali. Skrinshoti za zamani mnaweza kuzipakua kwenye kompyuta na kuzipakia upya kwa akaunti ya chama, na hapo zitakuwa za chama moja kwa moja.

Kwa siku zijazo, mtu mmoja ndiye apakie. Wanachama watume ujumbe wa muamala kwenye kundi la WhatsApp kama kawaida, na katibu aupakie akiwa ameingia kwa akaunti ya chama. Hivyo hamtahitaji kuhamisha tena. Na pale mnapolipa kupitia namba ya paybill, tumieni ile sehemu ya namba ya akaunti kuandika sababu: MKOPO na jina, au MCHANGO na jina. Akina mama wa Nakuru wanafanya hivyo sasa. Taarifa ya miamala ikitoka, sababu imeshaandikwa ndani yake.

Nani aone, nani aandike

Wahariri wawili wanatosha. Wengine wote wawe watazamaji. Hii si kutoaminiana. Ni kwamba kidole kinateleza, mtoto anachezea simu, na jedwali linabadilika bila mtu kujua. Bahati nzuri majedwali ya Google huweka historia ya mabadiliko, kwa hivyo mnaweza kuona ni akaunti gani ilibadilisha 5,000 kuwa 500 na siku gani, na kurudisha lilivyokuwa. Historia hiyo imemaliza ugomvi mwingi kuliko kikao chochote. Lakini ina maana tu kama kila mhariri anaingia kwa akaunti yake mwenyewe.

Kwenye mipangilio ya kushiriki, mmiliki azime ruhusa ya wahariri kualika watu wengine. Na angalieni aina ya linki. Ikiwa imewekwa kwamba yeyote mwenye linki anaona, basi yeyote ni yeyote kweli: linki ikipita kutoka kundi la chama hadi kundi la kanisa hadi kwa mtu msiyemjua, naye anaona majina, namba za simu, namba za vitambulisho, na nani anapokea 14,000 Jumamosi hii. Tapeli anayekupigia akilijua jina lako, namba ya kitambulisho na kiasi ulichopokea jana ni vigumu sana kumtilia shaka. Taarifa hizo hizo ndizo zinazotafutwa na wanaojaribu kubadilisha laini ya mtu bila yeye kujua. Chagueni linki ya waliozuiliwa tu, yaani watu mliowataja kwa barua pepe.

Nakala za vitambulisho ziwe kwenye folda ya pekee ambayo viongozi wawili tu wanaiona. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hizo kuwa taarifa binafsi, na mwanachama ana haki ya kuuliza nani anaziona na kwa nini. PIN msiiweke kwenye folda yoyote, hata ile ya viongozi, hata kwa kifupi, hata kwa siku moja.

Mtu akitoka kwenye chama, aondolewe kwenye folda siku hiyo hiyo. Kumtoa kwenye kundi la WhatsApp hakumtoi kwenye Drive. Tumeona mtu aliyefukuzwa kwa vurugu akiendelea kusoma kumbukumbu za mikutano mwaka mzima.

Na mtu akifariki? Ni swali zito na watu hulikwepa. Kama rekodi ziko kwenye akaunti yake binafsi, familia inaomboleza na nyinyi mnahitaji jedwali, na hakuna anayejua neno la siri. Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika ambao mtu huuweka akiwa hai: unachagua muda, kuanzia miezi 3 hadi 18, na watu hadi 10 unaowaamini watakaopata taarifa zako ukinyamaza kwa muda huo. Mpangilio huo ni mzuri kwa mambo yako binafsi. Kwa rekodi za chama, miezi 3 ni mingi mno kwa mjane anayeuliza akiba ya marehemu ilikuwa kiasi gani. Ndiyo sababu tunarudia akaunti ya chama.

Mmiliki akikataa kukabidhi

Hutokea. Mmeachana vibaya, hapokei simu, na jedwali bado ni lake. Maadamu bado mnaliona, fanyeni haraka kabla hajabadilisha ruhusa. Ingieni kwa akaunti ya chama, au kwa akaunti ya mwanachama yeyote aliyeshewa, fungueni faili na mtengeneze nakala. Nakala ni ya aliyeitengeneza, na yule mwingine hana mamlaka juu yake. Folda nzima hainakiliwi kwa mkupuo mmoja. Tengenezeni folda mpya, mnakili mafaili, kisha mhamishie nakala humo. Ikiwa amezima ruhusa ya kunakili na kupakua, pigeni skrinshoti za kila ukurasa, tarehe ya simu ikionekana.

Nakala haiji na historia ya mabadiliko ya faili la kwanza, kwa hivyo thamani yake inategemea ushahidi wenu. Isomeni pamoja siku hiyo mkiilinganisha na taarifa ya miamala, kila mwenye mkopo akubali kiasi chake kwa sauti, katibu aandike tarehe na jina la aliyenakili, kisha mwenyekiti na wanachama wawili watie sahihi. Marejesho ya Jumamosi inayofuata yaandikwe kwenye nakala hiyo.